Kutoka Sufi Hadi Chupa Zilizoyeyushwa: Nguo za Baridi Katika Historia ya Bandari ya Mombasa

Liwatoni ni sehemu ya ufuo wa kusini-magharibi wa Kisiwa cha Mombasa, karibu na Mbaraki na Ganjoni, nayo inaukabili mlango wa bahari wa Kilindini ambamo hupita meli zote kubwa ziingiazo katika bandari kuu ya Kenya. Hali ya hewa ya mahali hapa haimlazimishi mtu kuvaa nguo nzito, kwa kuwa hata katika Julai, mwezi wa kipupwe, usiku wa kisiwani kwa kawaida hubaki karibu na nyuzi 20 za Selsiasi, na anayetoka na sweta alfajiri huwa amelivua kabla jua halijapanda. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja sehemu kubwa ya mablanketi, makoti mazito na majaketi yaliyowakinga watu wa nyanda za juu za Kenya, wa Uganda na wa nchi zilizo nyuma yake, imepita mbele ya ufuo huu ikiwa ndani ya matumbo ya meli. Historia ya vazi la baridi katika Afrika Mashariki, basi, haiwezi kuandikwa kwa kuitazama Limuru au Moshi peke yake, bali sharti ianzie katika mji usio na haja nalo. Historia hiyo inaonyesha pia kwamba kutumia tena vitu vya kuhifadhia joto, jambo ambalo makampuni ya nguo za milimani yanalitangaza siku hizi kama uvumbuzi wao, ni desturi kongwe katika pwani hii, na kwamba kilichobadilika ni mahali ambapo desturi hiyo hukomea.

Kabla ya kuendelea ni vyema kueleza kinachofanya vazi liwe la baridi. Nguo haina joto lake yenyewe; joto ni la mwili, na kazi ya nguo ni kulichelewesha lisitoke. Kizuizi kizuri cha joto ni hewa iliyotulia, kwa sababu hewa hupitisha joto kwa shida sana mradi isipewe nafasi ya kuzunguka, na kwa hiyo kila kitu kilichowahi kutumiwa kujazia mto, godoro, blanketi au jaketi kimechaguliwa kwa uwezo wake wa kuikamata hewa katika vijinafasi vidogo na kuishikilia. Manyoya laini ya bata bukini, sufu ya kondoo, pamba, nyuzi za msufi na nyuzi za plastiki hufanya kazi ile ile, na tofauti zao ni za uzito, bei, na namna kila kimoja kinavyostahimili maji na kukandamizwa. Kitu kilichojazwa kikishalala na kubanana, hewa hutoka na joto hupotea, hata kama hakuna uzi mmoja uliokatika.

Kwa wenyeji wa Mombasa kitu cha kujazia kilichojulikana zaidi kwa vizazi vingi kilikuwa sufi, yaani nyuzi nyepesi zinazotoka katika maganda ya mti wa msufi, ambao hukua vyema kote katika ukanda wa pwani. Ganda likikauka hupasuka, na ndani yake huonekana fundo la nyuzi za rangi ya maziwa zilizoshikana na mbegu nyeusi. Nyuzi hizo huchambuliwa kwa mkono, mbegu zikatolewa moja moja, kisha huanikwa juani zifure kabla ya kutiwa katika foronya. Kila uzi wa sufi ni mrija mtupu wenye kuta nyembamba sana, uliojaa hewa na kufunikwa kwa nta ya asili inayozuia maji, na ndiyo sababu mto wa sufi ni mwepesi kuliko wa pamba. Udhaifu wake ni kwamba nyuzi hizo ni fupi na laini mno kusokotwa, na baada ya miaka hulala. Dawa yake ilikuwa rahisi: mto ulifumuliwa mshono, sufi ikatolewa, ikachambuliwa upya na kuanikwa, kisha ikarudishwa pamoja na sufi mpya kidogo ya kuongezea. Magodoro ya pamba nayo yalifumuliwa na mafundi, pamba iliyoshikamana ikatanuliwa hadi ikafura, na godoro likashonwa tena kwa kitambaa kipya. Katika nyumba za Mji wa Kale hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la kustaajabisha. Aliyetupa godoro kwa sababu limelala alihesabiwa kuwa mbadhirifu.

Sufi ilikuwa na kazi nyingine iliyoihusu bandari moja kwa moja. Kwa kuwa nyuzi zake huelea na hazinywi maji upesi, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilikuwa miongoni mwa vitu vikuu vya kujazia majaketi ya kujiokolea baharini, na shehena kubwa zaidi ya dunia ilitoka Java. Wajapani walipoitwaa Java mwaka 1942 mlango huo ulifungwa, na Marekani ililazimika kuwatuma watoto wa shule mashambani wakusanye nyuzi za magugu ya porini ili wanamaji wapate cha kuvaa. Mwaka huo huo Kilindini iligeuka kuwa kituo cha kundi la manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi, lililorudi nyuma kutoka Sri Lanka baada ya mashambulizi ya Wajapani. Baada ya vita sufi iliondolewa polepole katika majaketi hayo, na sponji za plastiki zenye vipovu vya hewa zikachukua nafasi yake. Walinzi wa Pwani wa Kenya, ambao kikosi chao kilizinduliwa Liwatoni Novemba 2018, huvaa vifaa vya namna hiyo, na katika ghala zao hakuna ganda la msufi.

Baridi kali yenyewe ilikuwa ikijulikana Mombasa kwa habari za misafara kabla ya kujulikana Ulaya. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa kituo cha Rabai, alipoiona theluji ya Kilimanjaro mnamo Mei 1848, alikuwa akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka Mombasa, ambaye aliufahamu mlima huo kuwa mahali pa baridi muda mrefu kabla ya mwanajiografia wa London, William Desborough Cooley, kubisha kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Wapagazi waliotoka pwani walikwenda bara wakiwa na nguo za pamba, na kwa hiyo blanketi lilikuwa bidhaa ya biashara na pia kinga ya mchukuzi mwenyewe.

Hali ilibadilika kabisa reli ilipojengwa. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia Kilindini mwaka 1896, na katika miongo iliyofuata njia hiyo ilipanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,600, kisha katika njia ya Uasin Gishu hadi Timboroa, ambako garimoshi lilivuka mahali palipo juu ya mita 2,700. Mfanyakazi aliyepanda Mombasa akiwa na jasho aliweza kushuka siku chache baadaye penye umande unaoganda alfajiri, naye alihitaji kitu cha kujifunika ambacho mshahara wake ungeweza kukilipia. Kitu hicho kilikuwa blanketi la bei nafuu kutoka Ulaya, na kwa sehemu si ndogo blanketi hilo lilikuwa limetengenezwa kwa matambara.

Ufundi huo ulianza Batley, katika Yorkshire ya Uingereza, ambako mwaka 1813 Benjamin Law alifanikiwa kuyachana matambara ya sufu, yaani nguo zilizofumwa kwa manyoya ya kondoo, hadi yakarudi kuwa nyuzi, kisha akazichanganya nyuzi hizo na sufu mpya na kuzisokota tena. Kwa kuwa mashine ya kuchana hukatakata nyuzi na kuzifupisha, kitambaa kilichopatikana kilikuwa hafifu kuliko cha kwanza, lakini kilihifadhi joto vizuri na kiliuzwa kwa bei ndogo. Mji wa Prato nchini Italia uliijenga biashara yake juu ya ufundi huo huo, na baadaye Panipat, kaskazini mwa Delhi nchini India, ukawa mji mkuu wa dunia wa kazi ya kuchana nguo kuukuu. Mablanketi mazito ya Panipat, mengi yakiwa ya rangi ya kijivu kwa sababu rangi zote za matambara zikichanganywa hutoa hiyo, yamenunuliwa kwa wingi na mashirika ya misaada ulimwenguni. Na tangu kufunguliwa kwa kambi za wakimbizi za Dadaab mwaka 1991 na Kakuma mwaka 1992, Mombasa imekuwa bandari inayopokea vifaa vya kambi hizo. Mwandishi wa historia anaweza kulichukua blanketi moja la kijivu kuwa ushahidi tosha kwamba nguo ya baridi iliyotengenezwa kwa takataka haikuanza na zama za plastiki. Ni kweli kwamba Kenya ilikuja kuwa na mablanketi yake pia, na lile la kiwanda cha Raymond cha Eldoret lilipata sifa hata likawa zawadi ya heshima kwa wazee katika harusi na mahari, lakini viwanda hivyo havikuufunga mlango wa bandari.

Pamoja na blanketi lilikuja koti la jeshi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vilivyokwisha mwaka 1918, na tena baada ya vile vya Pili, majeshi ya Ulaya yalikuwa na maghala yaliyojaa makoti marefu ya sufu yasiyo na wa kuyavaa, na wafanyabiashara waliyanunua kwa jumla wakayapeleka katika makoloni. Koti hilo lenye vifungo vya shaba na kola pana likawa karibu sare ya mlinzi wa usiku katika miji ya Afrika Mashariki, Mombasa ikiwamo, ingawa kwa Mombasa lilihitajika zaidi kwa ajili ya mvua ya masika na mbu kuliko kwa baridi. Nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo ziliitwa kafa ulaya katika sehemu nyingi za pwani na Zanzibar kabla jina la mitumba halijaenea kote, na makoti hayo ya vita yalikuwa miongoni mwa nguo za kwanza za aina hiyo kufika kwa wingi.

Wakati makoti ya sufu yakiuzwa, katika maabara za Uingereza kulikuwa kumeshapatikana uzi ambao ungeyaondoa. Mwaka 1941 John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, wanakemia wa chama cha wachapaji vitambaa wa Manchester, walisajili hataza ya poliesta, yaani uzi unaotokana na kuunganisha kemikali mbili zipatikanazo katika mafuta ya petroli hadi zikafanya mnyororo mrefu wa molekuli. Poliesta haiozi, hailiwi na nondo, haishiki maji na hukauka upesi, na nyuzi zake zikikunjwakunjwa kwa joto hubaki zimejikunja na kuishikilia hewa. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliitengeneza kwa wingi tangu mwanzo wa miaka ya 1950, kampuni ya 3M ikaingiza sokoni kijazio chake chembamba kiitwacho Thinsulate mwaka 1979, na mwaka 1983 kampuni ya Albany International ikabuni PrimaLoft kwa ombi la jeshi la Marekani, lililokuwa likitafuta kitu kitakachofanana na manyoya ya bata bukini kwa wepesi na joto lakini kisichopoteza nguvu kikilowa. Hilo la mwisho ndilo jambo kubwa, kwa sababu manyoya ya bata yakilowa hushikamana na hewa yote hutoka, ilhali nyuzi za poliesta, ambazo hazinywi maji, huendelea kukaa wima.

Poliesta hiyo hiyo ndiyo inayotengenezewa chupa za maji na soda, tangu Nathaniel Wyeth wa DuPont aliposajili hataza ya chupa hizo mwaka 1973. Chupa na uzi vikiwa kitu kimoja kwa asili, ilikuwa ni suala la wakati tu kabla ya mtu kuigeuza ya kwanza kuwa ya pili. Chupa huoshwa, hutolewa vifuniko na karatasi, husagwa kuwa vipande vidogo, huyeyushwa katika joto la takriban nyuzi 260, kisha ugiligili wake husukumwa katika sahani ya chuma yenye matundu membamba ukatoka kama nyuzi, ambazo huvutwa, hukunjwa, hukatwa na kutandazwa kuwa tabaka la pamba bandia. Mwaka 1993 kampuni ya Patagonia ya Marekani ilianza kuuza sweta za flisi, yaani kitambaa chenye manyoya laini ya poliesta, zilizotokana na chupa, na baadaye vijazio vya majaketi navyo vikafuata njia hiyo. Leo lebo ndani ya jaketi la kupandia milima mara nyingi husema kwamba kijazio chake chote, au sehemu yake, ni poliesta iliyorejelezwa, na mnunuzi wa Munich au Denver huisoma lebo hiyo kwa kuridhika. Ni haki kusema kwamba njia hii hutumia petroli kidogo kuliko kutengeneza uzi mpya. Ni haki pia kusema kwamba karibu poliesta yote iliyorejelezwa duniani hutoka kwenye chupa, wala si kwenye nguo, maana nguo ina zipu, vifungo, rangi, gundi na mchanganyiko wa nyuzi za kila aina, na kuvitenganisha hugharimu kuliko thamani ya kinachopatikana.

Majaketi haya yaliifikia Mombasa kwa njia ya makontena na mageuzi ya uchumi. Usafirishaji kwa makontena, ulioanza Marekani mwaka 1956, ulipozoeleka Kilindini, uliwezesha nguo zilizoshindiliwa kusafiri kutoka Hamburg, Felixstowe au New York kwa gharama ndogo kuliko thamani yake. Serikali ya Kenya, ambayo katika miongo ya kwanza ya uhuru iliubana uingizaji wa nguo kuukuu ili kuvilinda viwanda vya ndani, ililegeza masharti yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na viwanda kadhaa, kuanzia Kicomi ya Kisumu hadi Rivatex ya Eldoret, vilifungwa au kudhoofika katika miaka iliyofuata. Kuwatupia mitumba lawama yote ya anguko hilo si sahihi, kwa sababu bei ya umeme, uendeshaji mbaya na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia vilichangia, lakini hakuna anayeweza kukana kwamba mitumba ilimkuta mgonjwa kitandani. Kufikia mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za nguo kuukuu kwa mwaka. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliazimia mwaka 2016 kuziondoa hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, Kenya ikajitoa katika azimio hilo mwaka 2017, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikapoteza mwaka 2018 nafasi ya kuuza mavazi yake Marekani bila ushuru.

Belo la kawaida la mitumba huwa na kilo 45, limeshindiliwa kwa mashine na kufungwa kwa mikanda. Mikanda ikikatwa, majaketi hutoka yakiwa bapa kama mikate ya maji, na muuzaji huyakung'uta moja moja kabla ya kuyatundika, maana kijazio huchukua muda kufura tena na jaketi bapa halivutii mteja. Uchambuzi hufanywa papo hapo: lililo safi, lenye zipu inayokwenda na bila mchaniko huitwa kamera na hupewa bei ya juu, yale ya katikati hufuata, na yanayobaki baada ya wateja wote kuchagua huuzwa kwa bei ya kutupa yakiitwa fagia. Katika soko la Kongowea, upande wa pili wa daraja la Nyali, mchambuzi hujaribu zipu kwanza, kisha mfuko, kisha hubonyeza kijazio kwa kidole aone kama kimejikusanya mabonge kwa kufuliwa vibaya. Lebo ya asili ya kijazio, iliyokuwa hoja kubwa dukani kule Ulaya, haina nafasi katika bei.

Mnunuzi wa Mombasa mwenyewe ni mmoja hasa, naye ni mwendeshaji wa bodaboda. Watu wa bara hushangaa kumwona kijana amevaa jaketi la theluji katika barabara ya Digo saa nne za usiku, lakini sababu ni wazi: upepo wa mwendo huondoa joto mwilini upesi, mvua ya ghafla humlowesha mtu asiye na pa kujificha, na kijazio kinene humkinga kidogo akianguka kwenye lami. Wengi huligeuza jaketi mbele nyuma, mgongo wake ukawa kifuani, ili upepo usipenye kwenye zipu. Mengine yote hupanda bara, kwa malori na, tangu Januari 2018, kwa treni za mizigo za reli mpya hadi Nairobi, na kutoka huko huenea Limuru, Nyahururu, soko la Owino la Kampala na hadi Goma. Upande wa Tanzania, shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro lililoanza Moshi mwaka 2003 huwaazima wapagazi bila malipo nguo za milimani, nyingi zikiwa zimetolewa na watu wa ng'ambo. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, baridi ya usiku hushuka nyuzi kumi na zaidi chini ya sifuri, na wapagazi waliwahi kufa kwa baridi wakiwa wamebeba mizigo ya wageni waliovaa vyema. Katika eneo lote la Afrika Mashariki ni vigumu kupata mfano wa jaketi lililotumika tena kwa manufaa yaliyo dhahiri kuliko huu.

Liwatoni nayo ina baridi yake ya kutengenezwa. Kituo cha uvuvi kilichopo hapo kimekuwa na vyumba vya ubaridi na kiwanda cha kuandaa minofu ya jodari kwa masoko ya Ulaya, na samaki wa kugandishwa huhifadhiwa kwa kawaida katika nyuzi 18 chini ya sifuri au pungufu. Kazi ya namna hiyo humtaka mtu avae koti lililojazwa, kofia na glavu ilhali ng'ambo ya ukuta joto ni nyuzi 30 na unyevu umejaa hewani. Jasho alilotoka nalo nje hulowesha nguo ya ndani, na hapo sifa ya poliesta ya kutokunywa maji huonekana kuwa jambo la afya, si la kujivunia. Kuta za vyumba hivyo zenyewe zinafuata kanuni ile ile ya hewa iliyonaswa, kwa kuwa hujazwa povu la plastiki. Liwatoni inajulikana zaidi na watu wa leo kwa daraja la kuelea la waenda kwa miguu lililofunguliwa tarehe 1 Januari 2021, lililojengwa ili kupunguza msongamano wa kivuko cha Likoni wakati wa janga la Uviko-19, na ni janga hilo hilo lililoifanya serikali isimamishe uingizaji wa mitumba hadi Agosti 2020, hatua iliyowaacha wachambuzi wa Kongowea bila belo la kufungua.

Linabaki swali la mwisho wa jaketi. Nguo ya pamba iliyochakaa ina soko hata ikiwa tambara, kwa maana gereji, karakana na vyumba vya mitambo vya meli huhitaji vitambaa vya kufutia grisi, na pamba hunyonya. Kitambaa cha nje cha jaketi la poliesta hakifuti kitu, kinapaka tu. Kijazio chake hutolewa wakati mwingine na mafundi cherehani kikatiwa katika mito, zipu nayo ikahamishiwa nguo nyingine, lakini nyuzi zilizokwisha kujikusanya mabonge hazichambuliki kwa mkono zikafura kama sufi, wala hazichaniki kirahisi kama tambara la Batley. Ripoti ya shirika la Changing Markets ya mwaka 2023 ilidai kwamba mamilioni mengi ya nguo za plastiki zinazoletwa Kenya kila mwaka hazifai kuuzwa, dai ambalo wafanyabiashara wa mitumba walilipinga vikali wakisema kwamba hakuna mfanyabiashara anayelipia taka kwa fedha zake. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli: belo hununuliwa likiwa limefungwa, na fagia ya leo ilikuwa imelipiwa kwa kilo sawa na kamera.

Kwa miaka mingi fagia isiyopata mnunuzi iliishia Kibarani, jaa lililokuwa kando ya maji penye njia ya Makupa, ambalo lilifungwa mwaka 2018 na mahali pake pakapandwa miti. Taka za kisiwa sasa hupelekwa Mwakirunge, upande wa bara. Nyuzi hazikungoja kufika jaani, kwa sababu flisi na majaketi hupukutisha nyuzi ndogo mno kila yanapofuliwa. Utafiti wa mwaka 2011 ulikuta kwamba vazi moja linaweza kuachia zaidi ya nyuzi 1,900 katika ufuaji mmoja, na utafiti wa wanasayansi wa Mombasa uliochapishwa mwaka 2018 uligundua chembe za plastiki ndani ya viumbe vidogo vinavyoelea katika bahari ya Kenya, ambavyo ni chakula cha samaki. Nyuzi zilizotokana na chupa hupukutika sawa na nyuzi mpya.

Kwa kipimo cha historia hii, kwa hiyo, neno “iliyorejelezwa” lililoandikwa kwenye lebo linasema kweli kuhusu chupa na halisemi lolote kuhusu jaketi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka iliyopitishwa Kenya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika, na chupa za plastiki zimekwisha kupata wakusanyaji, mizani na bei kwa kilo katika kaunti za pwani. Jaketi lililojazwa halina mkusanyaji wala bei, na Mombasa haina kiwanda cha kulirudisha kuwa nyuzi. Likishamshinda mwendeshaji wa bodaboda, huenda Mwakirunge.